Tulikwenda Afrika Kusini kutafuta bahari na upepo

Lubumbashi imejengwa juu ya uwanda ulio karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali nasi kila upande tunaogeukia. Kwa mtu anayekimbia, huu ni mji mzuri: asubuhi za Juni na Julai hewa huwa baridi na kavu, barabara za mtaa wa Golf hazina msongamano kabla jua halijapanda, na miinuko yake haiumizi magoti. Kwa anayeendesha baiskeli kuna barabara ya Kipushi, kilomita 30 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, ambayo mimi na mume wangu tumeizoea kiasi cha kujua kila shimo lake. Lakini sisi tunafanya triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika shindano moja bila kupumzika katikati, na kwa upande wa kuogelea tulikuwa na bwawa la klabu tu: mita 25 za maji ya uvuguvugu yaliyotulia, na mstari mweusi sakafuni wa kukuonyesha njia.

Ndiyo maana tulipoamua kutumia akiba yetu kwa safari ndefu ya mazoezi nje ya nchi, hatukwenda Iten. Wenzetu wengi walitushauri twende huko Kenya, kwenye mji wa wakimbiaji ulio karibu mita 2,400 juu ya bahari, ambako mwili hulazimika kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi kwa kuwa oksijeni ni haba. Ushauri huo ulitoka kwa watu wanaotutakia mema, na sayansi yake ina msingi. Hata hivyo tuliona kwamba mazoezi ya nyanda za juu humfaa zaidi mtu aliyekwisha kukamilisha mengine yote na sasa anatafuta kile kidogo kilichobaki. Sisi mapungufu yetu yalikuwa makubwa na ya wazi. Mume wangu hakuwa amewahi kuogelea mahali ambapo jicho halioni chini. Mimi sikuwa nimewahi kupambana na upepo peke yangu juu ya baiskeli, kwa kuwa siku zote yeye alikuwa mbele yangu. Msimamo wangu, ambao safari hii iliuthibitisha, ni kwamba mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto, akipata nafasi moja ya kusafiri kwa ajili ya mazoezi, aanze kwa kuuliza nyumbani kwake kumekosa nini, kisha aende mahali ambapo kitu hicho kipo kwa wingi. Tulichokosa sisi kilipatikana kwa wingi katika pwani ya Afrika Kusini.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, nieleze kidogo. Shindano refu linalojulikana kwa jina la Ironman lilianza Hawaii mwaka 1978, washiriki wakiwa 15 tu, na 12 kati yao wakamaliza. Umbali ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, na kwa kawaida mshiriki hupewa saa 17 kuumaliza wote. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako triathloni iliingia Sydney mwaka 2000, umbali ni mfupi zaidi: kilomita 1.5, 40 na 10. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya mchezo huu kuja barani Afrika ni shaba aliyoipata Henri Schoeman wa Afrika Kusini huko Rio mwaka 2016, na mume wangu bado huisimulia siku ile kana kwamba Schoeman ni mtoto wa shangazi yake.

Kanuni moja ya mashindano marefu ilitugusa zaidi kama mke na mume. Katika sehemu ya baiskeli hairuhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako. Ni lazima pawe na mita 12 kutoka gurudumu la mbele la baiskeli yako hadi gurudumu la mbele la yule unayemfuata, na anayekaa ndani ya nafasi hiyo bila kupita huadhibiwa kwa kusimamishwa dakika kadhaa. Aliye mbele hukata upepo, na anayemfuata kwa karibu hutumia nguvu pungufu sana kwa mwendo uleule. Miaka yote tuliyokwenda Kipushi pamoja, mgongo wa mume wangu ulikuwa ukuta wangu, na miguu yangu ilijifunza kufanya kazi nyuma ya ukuta huo. Siku ya mashindano ukuta huondolewa kwa amri ya mwamuzi. Kadhalika mimi, niliyejifunza kuogelea tangu utotoni, siwezi kumvusha mume wangu kwenye mawimbi hata kwa mita moja.

Fedha tulizipata kwa njia ya watu wa mji wetu, yaani likelemba, kikundi cha kuchangishana fedha na kupokea kwa zamu. Tulikuwa katika makundi mawili, mimi pamoja na wanawake wenye maduka jirani na langu, yeye pamoja na mafundi wenzake wa umeme katika kampuni ya madini, na tuliomba zamu zetu ziangukie karibu karibu. Mume wangu alilimbikiza likizo zake na kuomba nyingine isiyo na malipo. Duka langu la dawa lilibaki mikononi mwa mdogo wangu, ambaye naye ni mfamasia. Watoto walikwenda Katuba kwa mama yangu, na nasema bila kutia chumvi kwamba bila nkambo, yaani bibi, aliye tayari kuamka alfajiri na kuwaandaa wajukuu kwa shule, safari yetu isingevuka hata Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Mwenye pasipoti ya Kongo huhitaji viza kuingia Afrika Kusini, na akitoka kwetu huonyesha pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Karatasi za benki, barua ya mwajiri, uthibitisho wa malazi, vyote tulivipeleka mapema, lakini ofisi iliyoyapokea maombi yetu ilikaa nayo mpaka tarehe ya tiketi zetu za kwanza ikapita. Anayepanga safari ya namna hii asinunue tiketi isiyobadilishika kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti.

Kuhusu baiskeli, nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi huuliza jinsi inavyosafiri kwa ndege. Tulitumia maboksi magumu ya katoni ambayo maduka ya baiskeli hupokelea mali mpya. Kwanza hutolewa pedali, na hapa ni vizuri kukumbuka kwamba pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande ulio kinyume na kawaida, la sivyo mtu anaweza kukaza mpaka spana iteleze. Kisha usukani hufunguliwa na kulazwa ubavuni mwa fremu, kiti hushushwa, magurudumu hutolewa na kupunguzwa upepo. Kati ya meno mawili ya uma wa mbele mume wangu alitia kipande cha mti alichokikata kwa kipimo, ili boksi likibanwa uma usikunjike. Mabomba yote ya fremu tuliyafunga kwa povu linalofunika mabomba ya maji ya moto, tukafunga kwa utepe, na nafasi zilizobaki tukazijaza nguo zetu za mazoezi. Pamoja na uangalifu huo, tulipofungua maboksi Johannesburg tulikuta kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma cha baiskeli yangu kimepinda kuelekea ndani, dalili ya boksi kuangushwa ubavu. Shirika la ndege halikukubali lawama. Fundi tuliyempata alikinyoosha akitumia kifaa chenye mkono mrefu, akikipima dhidi ya rimu juu, chini, mbele na nyuma, mpaka tofauti ikatoweka, kisha akatuuzia kingine cha akiba kwa bei ndogo. Tangu hapo sisafiri bila kipande cha akiba, na hukifungua kile cha kwenye baiskeli kabla ya kufunga boksi.

Johannesburg hatukukaa sana. Iko juu kuliko Lubumbashi, mita 1,750 hivi, na mapafu yaliitambua tofauti katika mbio za kwanza. Tulifikia kwa kaka yake mume wangu Yeoville, mtaa ambao Wakongo wameufanya kuwa wao kiasi kwamba sokoni unapata sombe (kisamvu) iliyotwangwa, samaki wakavu na hata watu wa kukuuliza habari za Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Shemeji alishangaa kusikia kwamba tumekuja mbali hivyo ili tuchoke, lakini mke wake alitupikia vizuri na kutufungia unga wa njiani.

Kituo chetu cha kwanza cha mazoezi kilikuwa KwaZulu-Natal, kwenye bwawa la Midmar karibu na Howick. Huko kila Februari hufanyika Midmar Mile, mashindano ya kuogelea yaliyoanza mwaka 1974, ambamo maelfu ya watu huvuka bwawa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, umbali wa kilomita 1.6. Tuliyachagua kwa sababu ya mume wangu. Maji ya bwawa hayana chumvi wala mawimbi makubwa, lakini hayana mstari mweusi pia. Ukitia uso ndani unaona rangi ya chai tu, na mikono yako mwenyewe inapotea mbele ya macho. Watu huanza kwa makundi, miguu ya mwingine inakupiga begani, na njia ni maboya peke yake. Alifundishwa na mzee mmoja tuliyekutana naye ukingoni kwamba asiinue kichwa chote kutafuta boya, kwani miguu huzama papo hapo. Ainue macho tu juu ya maji, kama mamba, kabla ya kugeuza uso kuvuta pumzi. Alivuka. Alitoka majini akiwa na matope mpaka magotini, hakusema neno mpaka tulipofika garini, kisha akauliza kama kesho yake tunaweza kurudi kuogelea tena pale pale.

Jambo jingine la kujifunza upya lilikuwa barabara. Kongo tunaendesha upande wa kulia. Afrika Kusini wanaendesha kushoto. Ndani ya gari akili huzoea upesi, kwa sababu usukani wenyewe uko upande mwingine na unakukumbusha. Juu ya baiskeli hakuna cha kukukumbusha. Hatari kubwa iko kwenye kugeuka na kwenye mizunguko, pale ambapo mwili, ukiwa umechoka baada ya saa nne, hurudi kwenye desturi ya utotoni. Tulikubaliana kwamba aliye mbele atasema kwa sauti "kushoto" kila tunapotoka kwenye njia panda, hata kama ni dhahiri, na tuliendelea hivyo mpaka siku ya mwisho. Kwa upande mwingine, kofia ngumu ni lazima kisheria, na katika mkoa wa Western Cape dereva anatakiwa kuacha angalau mita 1 anapompita mwendesha baiskeli. Kwa mtu aliyezoea malori ya shaba ya barabara ya Likasi, mita hiyo moja ni heshima kubwa.

Sehemu ndefu zaidi ya safari tuliifanya huko Western Cape, tukipanga chumba chenye jiko Stellenbosch. Nadhani hakuna mahali pengine nilipopaona ambapo mazoezi matatu yanakaa karibu kiasi hiki. Wanariadha wengi wa Ulaya hukimbilia huko kunapokuwa na baridi kwao, na mtu anaelewa sababu. Kuna bonde la Jonkershoek kwa mbio, lenye kivuli asubuhi na mteremko wa taratibu. Kuna mlima wa Helshoogte unaoanza mwisho wa mji. Na ukiendelea mbele unafika Franschhoek, ambako barabara hupanda kwa mizunguko mpaka unaliona bonde zima la mizabibu chini yako. Upepo wa kusini-mashariki, ambao wenyeji huuita Daktari wa Cape kwa kuwa wanaamini unasafisha hewa, huvuma siku nyingi za kiangazi. Si upepo wa mchezo. Mwaka 2017 mashindano makubwa ya baiskeli ya Cape Town, ambayo husajili makumi ya maelfu ya watu kwa kilomita 109 za kuzunguka rasi, yalisimamishwa kwa sababu washiriki walikuwa wanaangushwa pamoja na baiskeli zao.

Hapo ndipo mafunzo yangu yalipoanza kwa kweli. Tulikubaliana kwamba baiskeli tutatoka kwa nyakati tofauti, mume wangu akitangulia kwa robo saa. Siku za kwanza niliona kama nimeachwa. Nilikuwa nasukuma dhidi ya upepo kwa hasira, mapigo ya moyo yakipanda, mikono ikiukamata usukani kwa nguvu, na nilipofika nusu ya njia miguu ilikuwa imekwisha. Mwanamke mmoja wa umri wa mama yangu, aliyekuwa akinipita kila Jumanne bila kuonekana kuhangaika, siku moja alipunguza mwendo, akaacha nafasi ya kutosha kati yetu na kunieleza kwamba upepo haushindwi kwa nguvu. Alisema nishushe gia mpaka miguu izunguke kwa wepesi, nikunje viwiko, nilegeze vidole, na nisitazame kipimo cha mwendo hata kidogo, nifuate pumzi. Kilomita kwa saa zitakuwa chache na hiyo si habari mbaya, kwa sababu upepo ni wa wote. Nilipoacha kuukamata usukani, baiskeli iliacha kuyumba. Upepo wa ubavuni ulipokuwa ukija kwa mapigo, niliacha gurudumu lisogee kidogo na kurudi lenyewe.

Chapman's Peak niliipanda peke yangu wiki kadhaa baadaye. Ni barabara ya kilomita 9 kati ya Hout Bay na Noordhoek, iliyochongwa ndani ya jabali na kufunguliwa mwaka 1922, yenye kona 114, mlima upande mmoja na bahari ya Atlantiki chini kabisa upande mwingine. Kila kona ulikuwa upepo mpya: hapa unakusukuma mgongoni, hatua chache mbele unakupiga kifuani. Nilizungusha miguu, nikalegeza vidole, na niliposhuka Noordhoek nilikuta mume wangu amekaa kwenye ukuta mfupi akila ndizi. Aliniangalia, akasema, "Mama, leo hukuwa na haja yangu." Nilimjibu kwamba nina haja naye kwa mengine mengi.

Yeye alikuwa na ngazi zake. Ngazi ya kwanza ilikuwa bwawa la Sea Point, ambalo hujazwa maji ya bahari lakini lina kuta, kwa hiyo alizoea chumvi na baridi bila hofu ya kubebwa. Maji ya Atlantiki upande ule ni baridi sana hata katika kiangazi, na mwili ukiingia ghafla kifua hubana na pumzi hukatika. Dawa yake ni kuingia taratibu, kulowesha uso na shingo, na kutoa pumzi ndefu mpaka kifua kilegee. Vazi la mpira husaidia sana, nalo katika mashindano huruhusiwa maji yasipokuwa ya moto. Ngazi ya pili ilikuwa False Bay, ambako maji ni ya joto zaidi. Fish Hoek na Muizenberg kuna watu wanaokaa mlimani na darubini kutazama papa, na bendera zao zina maana: ya kijani inasema maji yanaonekana vizuri na hakuna papa, nyeusi inasema hawaoni vizuri, nyekundu inasema papa ameonekana karibuni, na nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora, inasema toka sasa hivi. Kila asubuhi alisoma bendera kwanza, na nilifurahi kuona kwamba hofu yake ilikuwa imegeuka kuwa utaratibu.

Wimbi lenyewe lilimtesa kwa muda. Alikuwa anasimama kulingoja, na wimbi likimkuta kifuani lilimrudisha ufukweni. Nilisimama naye kwenye maji ya kiunoni tukalirudia jambo moja asubuhi nzima. Wimbi likianza kujikunja mbele yako, unapiga mbizi chini yake mpaka tumbo likaribie mchanga. Unatia vidole vya mikono yote miwili ndani ya mchanga na kuushika. Juu yako unasikia mngurumo, maji yanakuvuta miguu, kisha yanalegea. Unapolegea huo mvuto, unakunja magoti, unasukuma chini na kutoka juu upande wa pili, ambako kuna nafasi ya pumzi mbili au tatu kabla ya wimbi jingine. Siwezi kusema ni lini hasa lilimkaa mwilini. Najua tu kwamba baadaye tulikuwa tukiingia pamoja, na nikitoka upande wa pili wa wimbi nilimkuta tayari yuko pale, akipumua.

Chakula nitakipitia upesi. Unga wa mahindi unapatikana kila duka, kwa hiyo bukari, yaani ugali wetu, haikutukosa. Kwenye baiskeli tulifanya mazoezi ya kula gramu 60 mpaka 90 za wanga kwa saa, kwa sababu tumbo nalo hufundishwa, na viazi vitamu vilivyochemshwa na kutiwa chumvi vilitufaa kuliko jeli nyingi za dukani. Sombe tuliiacha siku mbili kabla ya mashindano kwa ajili ya nyuzinyuzi zake, na hilo lilikuwa gumu kwa mume wangu kuliko Helshoogte.

Mwezi wa mashindano tulifuata barabara ya N2 kuelekea mashariki, tukapita Knysna na Tsitsikamma, mpaka Gqeberha, mji uliojulikana kama Port Elizabeth hadi mwaka 2021. Ironman ya Afrika Kusini imekuwa ikifanyika huko tangu 2005, na mwaka 2018 mji huo ulipokea pia mashindano ya dunia ya umbali wa nusu, ambayo Jan Frodeno na Daniela Ryf walishinda. Wenyeji wenyewe huuita mji wa upepo, na siku yetu ulistahili jina.

Tulianza kuogelea Hobie Beach baada tu ya jua kuchomoza, washiriki wakiingia wachache wachache. Mume wangu aliingia kabla yangu. Mawimbi ya ufukweni hayakuwa makubwa, ila kwenye maboya ya mbali bahari ilikuwa inapanda na kushuka, na konyeza mmoja wa rangi ya buluu alinichapa shingoni, uchungu ulionifuata mpaka nilipotoka. Kwenye eneo la kubadilishia nilitafuta baiskeli yake kwanza, hata kabla ya yangu. Haikuwepo. Ilimaanisha ametoka majini na amekwenda.

Baiskeli ilikuwa mizunguko miwili ya kilomita 90 kando ya pwani. Kwenda kulikuwa rahisi, kwa kuwa upepo ulikuwa mgongoni, na wengi walijisahau wakakimbiza miguu. Kurudi ndiko kulikokuwa na hesabu. Hakuna aliyekuwa mbele yangu kwa mita 12, wala 50. Nilishusha gia, nikakunja viwiko, nikafuata pumzi, na katika mzunguko wa pili niliwapita watu walionipita asubuhi. Karibu na mwisho wa kilomita 180 nilimwona mume wangu mbele yangu barabarani. Nilimpita upande wa kulia, kama sheria inavyotaka, nikamwambia tutaonana kwenye mbio, naye akacheka kwa sauti.

Mbio zilikuwa za kuzunguka barabara ya ufukweni, na uzuri wa mizunguko ni kwamba watu wanakuona tena na tena. Pembeni mwa barabara kulikuwa na vijana wa kwetu wanaolinda magari pale ufukweni; waliposoma jina la nchi kwenye namba yangu, mmoja alianza kupiga kelele kwa Kiswahili cha Bukavu: "Kaza, mama, kaza!" Kila nilipopita walikuwa wameongezeka. Baadaye mume wangu aliniambia kwamba kwake waliimba. Nilimaliza mimi kwanza, jioni, nikavaa koti na kukaa kumsubiri, naye akafika usiku ukiwa umeingia lakini saa 17 zikiwa bado mbali. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeogopa bahari.

Tangu turudi, wiki yetu ya mazoezi imebadilika sura. Barabara ya Kipushi tunaiendesha tukiwa tumeachana kwa umbali mrefu, na tunapokezana nani atangulie. Katika bwawa la klabu tumeomba kamba za njia ziondolewe saa ya kwanza asubuhi, na mume wangu huogelea hatua kadhaa akiwa amefumba macho, kisha huyafumbua kuona amepotoka kiasi gani. Vijana wawili wa klabu wameanza kufanya hivyo pamoja naye. Likelemba imeanza mzunguko mpya. Yeye anataka Durban, ambako kuna shindano la nusu na maji ya joto ya Bahari ya Hindi. Mimi ningependa turudi kwanza Midmar, safari hii na watoto wakubwa wawili, kwa kuwa wa kike ameshaanza kuuliza ni lini ataogelea mahali pasipo na ukuta.